Chetezo Mlangoni mwa Gari

Siku ile uani kwetu Kibiti tulikuwa wanne: mimi; mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa bibi harusi; shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyekuja kwa mashua kutoka visiwani; na mwenye gari. Wageni wengine walikuwa wameshatangulia Chumbi, kwa bwana harusi. Nawataja hawa kwa sababu ndio walioona, na mpaka leo hatujawahi kukaa pamoja tukalizungumza.

Mimi ni fundi magari. Niliacha shule darasa la sita, mwaka tuliowazika wazazi, nikaingia gereji ya kando ya barabara ili mdogo wangu aendelee kusoma. Tuliishi chumba cha nyuma ya gereji hiyo, tukilala jirani na madumu ya petroli. Ndiyo maana nilimfundisha sheria moja kabla ya zote: ukisikia harufu ya petroli, moto usikaribie. Mara moja tu nilimchapa, alipowasha kibatari karibu na dumu.

Gari lilikuwa la spoti, la milango miwili, kongwe kuliko bibi harusi. Mwenyewe ni bwana wa makamo wa Dar mwenye shamba huku kwetu. Aliniletea wiki mbili kabla ya harusi, analalamika kwamba ndani linanuka petroli.

"Saa zote?" nikamuuliza.

"Hapana, fundi. Nikijaza tanki Dar, linanuka mpaka Mkuranga. Nikifika hapa limeacha."

Jibu lote lilikuwa humo, nami nililisikia kwa sikio moja. Nilishafungua boneti. Uvujaji wa petroli tunautafuta kwa pua kwanza, kisha kwa kitambaa cheupe unachokipitisha kwenye kila maungio. Penye unyevu, kitambaa kinakuonyesha. Karibu na kabureta nilikuta mpira wa mafuta umekakamaa na klipu yake imelegea. Nikabadilisha vyote viwili, nikaiacha injini ingurume nusu saa, nikaingia chini ya tanki na tochi. Pakavu. Nikamwambia mwenye gari kwamba limepona.

Sikumdanganya. Uvujaji niliupata. Ila nilidhani upo mmoja. Huku kwetu ni nadra mtu kujaza tanki. Watu huweka mafuta ya kufika Ikwiriri, au ya kwenda Ndundu na kurudi. Ufundi wangu wote nimejifunzia kwenye matanki ambayo mshale umelala, kwa hiyo matundu ya chini nayajua kama vidole vyangu. La juu sikuwahi kuliona likitoa hata tone.

Mwenye gari alifurahi, akajitolea kumpeleka bibi harusi Chumbi. Nami kwa kumheshimu, asubuhi ya siku yenyewe nililipeleka gari kituo cha mafuta nikajaza tanki mpaka mdomoni. Kisha nikaliegesha uani, juani, vioo vimepandishwa ili vumbi lisichafue viti.

Baada ya adhuhuri ndoa ikafungwa, na mdogo wangu akatolewa nje, mikono yake yote ina hina.

"Kaka, mbona liko chini hivi?" akasema. "Nitakaa kama niliye ndani ya beseni."

"Limelala kama kobe," shangazi akaongeza.

"Mama, kobe huyu akiamka hakuna wa kumkamata," mwenye gari akamjibu, na shangazi akamuuliza nani atamkimbiza, huko Chumbi watu hawana mbio.

Bibi harusi akaingia, akaketi, nikamfungia mlango. Hazikupita dakika mbili akaufungua tena.

"Kaka, humu kunanuka petroli."

"Ni mimi huyo. Nimekunukia petroli tangu uko darasa la kwanza. Leo ndiyo umesikia?"

Mwenye gari akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Hapo shangazi akatoka jikoni na chetezo, makaa yamekolea, udi umeanza kutoa moshi. Kwetu bibi harusi hufukizwa, na chochote atakachokalia hufukizwa.

"Ananuka petroli mtoto wa watu anakwenda kwa mumewe?" shangazi akasema. "Basi dawa yake hii hapa. Nishikie mlango, baba."

Nikamshikia. Mimi, fundi, nilishika mlango kwa mkono wangu huu wa kulia na kuuvuta hadi mwisho ili shangazi ainame vizuri, aupitishe moto chini ya kiti.

Mdogo wangu alikidaka chetezo kwa kiganja kitupu. Hakukishika kwenye mguu, alikishika kwenye makaa. Akakirusha juu ya bega la shangazi, kikapasukia mbali kwenye mchanga. Kisha akatoka garini, akamvuta shangazi kwa kanga hadi ukutani, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

"Toka hapo, kaka," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Tulimwaga maji kwenye makaa. Nilipofungua buti, hewa iliyotoka ilinichoma macho. Nikaliminya zulia la humo, petroli ikapita katikati ya vidole vyangu. Juu ya tanki, mpira unaounganisha na bomba la kujazia ulikuwa umepasuka upande wa chini, kama kisigino cha mtu wa shamba. Tanki likiwa nusu, mafuta hayafiki pale. Likijaa, na jua likiyapasha yakapanda, yanavujia buti zima na mvuke unaingia ndani ya gari. Nikakaa chini mchangani na nguo zangu za harusi.

Mwenye gari alisema, taratibu, "Fundi, mimi nilikwambia nikijaza."

"Uliniambia," nikajibu.

Shangazi alikuwa ameukamata mkono wa mdogo wangu, anaumwagia maji, na hina ilikuwa inabanduka pamoja na ngozi.

Mdogo wangu alikwenda Chumbi kwa bajaji ya jirani, kiganja kimefungwa kitambaa. Kwa wakwe walimuuliza, akawaambia ameungua jikoni.

Sasa ana watoto wawili. Akinitambulisha kwa watu bado anasema, "Huyu kaka aliacha shule kwa ajili yangu," na anaponipa sahani ya wali naliona lile kovu, linang'aa, halishiki hina tena. Mwezi uliopita nilivuka daraja la Ndundu kwa jambo moja tu: kumwambia kwamba alinionya nikamfanyia mzaha, na kwamba mlango niliushika mimi. Nilipofika, pikipiki ya shemeji ilikuwa haiwaki. Nikaitengeneza, nikala, nikaaga. Aliniuliza kama kuna jambo lililonileta. Nikasema hakuna.