Shika Upande wa Pili wa Futi

Huyu ni Mpaka-Kieleweke, binti wa fundi viatu aliyekataa kubomolewa kibanda chake, akakaa ndani na nyundo mkononi mpaka wabomoaji wakachoka wenyewe. Ni mjukuu wa mkunga aliyemtoa nje daktari aliyeingia chumba cha kuzalia amelewa, na kitukuu wa mwanamke aliyerudisha mahari kwa mkono wake akaondoka na cherehani kichwani. Jina la cheti lilibaki kwenye cheti. Hili la kuitwa alilipata utotoni, maana ukimwambia jambo halafu ukashindwa kumweleza sababu, alikuwa haondoki mlangoni.

Kwao walikuwa na karakana ya kushona sare za shule. Babu aliiacha iwe ya watoto wake wote, ila msimamizi akawa Baba Mdogo, mdogo wake fundi viatu. Mbele kulikuwa na chumba cha kukatia: meza ndefu kama uwanja, mashine ya umeme, na wakataji wawili wanaopishana bila kugusana. Katikati zilikaa cherehani. Nyuma kabisa, palipokuwa stoo zamani, palikuwa chumba cha vifungo. Humo wanawake walibanana kwenye mabenchi goti kwa goti, wakishona vifungo na matundu yake kwa mkono, wakigombea mwanga wa kidirisha kimoja. Mkuu wao alikuwa Shangazi, dada yao Baba Mdogo na fundi viatu. Mpaka-Kieleweke alikalia benchi hilo tangu alipomaliza shule, akaolewa akiwa hapo, akaachika akiwa hapo, vidole vikaota sugu.

Siku moja Baba Mdogo akamwita. "Mwanangu, kichwa chako kinaozea kwenye vifungo. Nenda chuo kikuu usome uhasibu, uje unishikie hesabu. Ada niachie mimi."

Akaenda, mtu mzima mwenye binti anayeweza kujipikia. Alipoingia darasani siku ya kwanza, kijana mmoja wa kiti cha mbele akamwuliza, "Mama, umemfuata mwanao?"

"Mwanangu nimemwacha anapika. Sogea nikae."

Akasogea. Tangu siku hiyo kiti cha mbele kikawa chake.

Masomo mengine aliyameza kama dawa, kwa kufumba macho. Lakini uhasibu wa menejimenti ulimkamata shingoni. Mwalimu wake, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alisimama akifuta chaki mikononi akasema, "Hesabu hizi si za kumpelekea mtu wa kodi. Ni za kumsaidia mwenye kazi aamue: aongeze nini, afunge nini. Gharama mpeni aliyeisababisha. Mkimtwisha mwingine, mtamfukuza asiye na kosa." Mpaka-Kieleweke akaacha kuandika. Alikuwa anamwona Shangazi.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti mahali pa kazi. Baba Mdogo alifurahi kupita kiasi. "Fanya hapa hapa. Chumba cha vifungo kinanila, kila mwezi hasara. Nataka kukifunga, mashati yawe yanapelekwa kwa mwenye mashine ya vifungo. Ila ndugu zangu wabishi. Karatasi ikitoka chuo kikuu hawatakuwa na la kusema."

"Na Shangazi na wenzake?"

"Watapumzika."

Kupumzika huko alikujua. Ni kule kwa kukaa kizingitini ukitazama wenzako wakienda kazini.

Akazifungua hesabu za karakana. Hasara kweli ilikuwepo, imekaa pale na miguu yote. Lakini akauliza, kama kawaida yake: imetoka wapi? Mwenye kujibu alikuwa karani wa karakana, mzee mpole, akamwambia kwamba kodi ya jengo, umeme na mlinzi hugawanywa kwa vichwa. Chumba chenye watu wengi hubeba fungu kubwa. "Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu yako. Wakati ule wote walishonea ukumbi mmoja."

Hapo akaelewa. Wanawake waliobanwa kwenye stoo walikuwa wanamlipia kodi mwenye uwanja. Wasiogusa hata swichi walikuwa wanailipia mashine umeme wake. Akapima vyumba, akagawa upya: kodi kwa ukubwa wa sakafu, umeme kwa mashine. Chumba cha vifungo kikainuka kikasimama chenyewe. Kilichozama ni chumba cha kukatia, kipenzi cha Baba Mdogo.

Siku ya kikao cha ndugu walikusanyika kwenye meza ile ndefu. Baba Mdogo akasema, "Msomi wetu, tusomee."

Akasoma, bila kumung'unya. Alipomaliza, Baba Mdogo alikuwa ameiva uso.

"Ada yako inalipwa na nani?"

"Na wewe, Baba Mdogo."

"Basi?"

"Basi umenilipia nijue. Nimejua."

"Umejua kunivunjia heshima. Hizo futi zako umezipima ukiwa peke yako, nani shahidi?"

Mpaka-Kieleweke akachomoa futi ya kushonea shingoni mwa mkataji mmoja, akamnyooshea Baba Mdogo mwisho wake. "Hii hapa. Shika upande wa pili."

Shangazi akakohoa. "Shika bwana, haing'ati."

Akashika. Wakapima chumba cha kukatia, wakiihamisha futi mara baada ya mara, Baba Mdogo akirudi kinyumenyume na jasho likimtoka. Kisha Mpaka-Kieleweke akaongoza kwenda nyuma, ndugu wote wakamfuata. Kwenye chumba cha vifungo wa mbele waliingia, wa nyuma wakakwama. Fundi viatu alijaribu kuchuchumaa, akainuka. Baba Mdogo tumbo liliingia, mgongo ukabaki ukumbini.

"Mdogo wangu," fundi viatu akasema taratibu, "hapa hata kuchuchumaa nimekosa nafasi. Na hawa ndio wanalipa kuliko wote?"

Baba Mdogo aliangalia futi iliyokuwa bado mkononi mwake.

Chumba hakikufungwa. Lakini ada ilifungwa siku ile ile. Mpaka-Kieleweke alirudi kwenye benchi, akashona vifungo mwaka mzima, akajilipia muhula uliobaki. Mwalimu wake alipomwuliza kama hakuweza kulilainisha lile hitimisho kidogo, apate kumaliza na wenzake, alijibu, "Ningelilainisha, ningekuwa nimesoma nini?" Akamaliza. Baba Mdogo aliposikia wengine wanamtaka kazi, alimfuata mwenyewe. Mpaka-Kieleweke akakubali kushika hesabu, kwa sharti kwamba kwanza chumba cha vifungo kitobolewe dirisha la maana. Likatobolewa.

Sasa Mpaka-Kieleweke ana mvi na magoti yasiyomtii. Binti yule aliyeachwa akipika ndiye mhasibu wa karakana, na wasimamizi ni watoto wa Baba Mdogo. Wiki hii binti amekuja analalamika: wanataka kuwaondoa wanawake wa chumba cha pasi, eti kinakula hasara.

"Umewapimia?"

"Mama, nitawapimia kwa simu. Siku hizi simu inapima yenyewe."

"Simu utaishika peke yako, nao watasema umeipangia." Mpaka-Kieleweke akafungua droo, akatoa futi ile ile ya siku ya kikao, namba zimefutika upande mmoja. "Kesho nenda na hii."

"Ndio wanaonilipa mshahara, mama."

"Najua. Ndiyo maana nakutuma wewe. Mwite yule mkubwa wao, mpe mwisho wa futi aushike, muanzie mlangoni. Na asiuachie mpaka mmefika ukutani."