Sahihi Yenye Cheti

Nianze na kazi yangu, ili mnicheke mapema tumalize. Nilikuwa mtu wa fotokopi pale Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo. Kutwa nafunua mashine, nafunika mashine, natoa karatasi iliyo pacha wa karatasi. Kama kuna mtu mkoa mzima wa Cyangugu aliyepaswa kukitambua kitu kilichonakiliwa, ni mimi. Haya, sasa sikilizeni.

Baba yangu alikuwa shofa, yaani dereva, kule Bukavu ng'ambo ya mpaka, ambako sisi watoto wake wote tulizaliwa. Tuliporudi Rwanda, kwetu kwa asili, baada ya vita vya huku, alivuka daraja na mguu mbovu na hadithi moja. Kwamba mwimbaji mmoja mkubwa wa Kinshasa, ambaye simtaji, alipokuja kupiga muziki Bukavu, ni yeye Mzee aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Njiani gurudumu likapasuka, na mwimbaji akashuka na suti yake nyeupe akamsaidia kuzungusha jeki. Walipofika hotelini alimpa picha yake, akaitia sahihi, na chini ya jina akachora kagitaa kadogo. Mzee aliisema ile gitaa kama watu wengine wanavyosema mtoto wao wa kwanza. Picha ilibaki ndani ya sanduku kwa jirani, upande wa pili. Kisha vita vikawaka kule nako, nyumba ya jirani ikaporwa, na sanduku likaenda na waporaji.

Basi hadithi ikabaki bila ushahidi, na sisi tulikuwa na fundi cherehani. Huyo alikuwa jirani yetu wa hapa Kamembe, mtoto wa Bukavu vilevile, wa wale wanaosema 'bale' badala ya 'wale', na kila Jumapili baada ya misa wazee walikaa kwenye baraza lake kunywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Mzee akifungua mdomo tu, "Siku ile ya uwanja wa ndege…", fundi anapiga mluzi.

"Muzee, ile jeki alizungusha na mukono gani? Juzi ulisema wa kushoto!"

Wazee wanacheka mpaka wanafuta machozi. "Njia ya mwongo ni fupi, Papa!"

Mwanzoni Mzee alicheka nao. Baadaye akaanza kusema mguu unamuuma, akawa anabaki nyumbani Jumapili, amekaa kitandani na viatu vyake vya kanisani. Iliniuma, wallahi, ingawa mimi ni Mkristo. Mtu amepoteza nyumba, kazi, marafiki na mji wake, halafu hata hadithi moja anyimwe? Nikaapa kwamba wale wazee watamwamini, wakitaka wasitake.

Wakati huo intaneti ndiyo kwanza imefika Kamembe, kwenye kachumba karibu na duka letu. Humo nikagundua kuna watu ng'ambo wanaouza picha za mastaa zilizotiwa sahihi, kila moja na cheti chake cha kuthibitisha. Nikamtafuta mwimbaji wetu: sahihi yake yoyote ingekuwa na gitaa chini, na wazee wangeona kwamba Mzee hasemi uongo. Picha ilishuka kwenye kioo polepole: nywele kwanza, halafu paji la uso. Nikaagiza Fanta, nikaimaliza, pua ikafika. Sahihi ilipotokea chini, ilikuwa ukungu mtupu, lakini mimi nilikuwa nimeshaamua tangu kwenye nyusi. Dada yangu wa Ubelgiji akalipa kwa kadi yake, huku akiniuliza kwenye simu kama kichwa changu ni kizima. Nikamjibu kwa dharau kwamba kuna cheti.

Lazima mtuelewe sisi watu wa Bukavu na karatasi. Kule tulikokulia, kitu kisicho na muhuri hakipo. Mtu anaweza kusimama mbele yako akipumua, ukamtuma akalete karatasi inayosema anaishi. Na muhuri wenyewe una kipimo chake: unalamba kidole, unausugua pembeni. Wino ukichafuka, ni muhuri kweli. Usipochafuka, ni fotokopi. Dukani nilifanya hivyo kutwa, hadi ulimi wangu ukawa na rangi ya zambarau.

Bahasha ilipofika posta niliifungua palepale. Nikatoa cheti, nikalamba kidole, nikausugua muhuri wake. Ukachafuka vizuri ajabu! Nusura nimkumbatie karani. Picha niliichungulia kidogo tu, nikairudisha isije ikakunjika.

Jumapili nikamshika Mzee mkono. "Papa, leo tunaenda." Akanifuata bila kuuliza, akichechemea. Kule barazani nikasimama kama wakili, nikaeleza kwamba hii ni sahihi ya kweli ya yule mwimbaji, imethibitishwa, na kila mtu sasa ataona gitaa ambayo Mzee amekuwa akiisema miaka yote. Nikapitisha cheti. Wazee wakalamba vidole, wakasugua, wakatikisa vichwa kwa heshima. Ndipo nikampa fundi picha.

Akaigeuza huku na huku. "Gitaa iko wapi?"

Nikainama kuangalia. Jina lilikuwepo. Chini ya jina hapakuwa na kitu, hata alama ya nyuzi. Nami, na cheti changu mkononi, nikamgeukia baba yangu mbele ya watu.

"Papa, una hakika kulikuwa na gitaa?"

Alikuwa ananitazama tu.

Fundi ndiye aliyelamba kidole tena, safari hii akaisugua sahihi yenyewe. Haikusogea. Akasugua kwa nguvu, akaiinua picha kwenye jua, kisha akapiga kelele iliyosikika hadi barabarani.

"Ni fotokopi! Banakuuzia fotokopi, weye mwenye fotokopi!"

Aka! Walinicheka siku hiyo, na nilistahili kila kicheko. Mimi nilikuwa nimepima cheti, sikupima kitu chenyewe. Muhuri ulikuwa wa kweli kabisa, wa watu waongo. Katikati ya kelele fundi akamsogezea Mzee kiti karibu na yeye, akamjazia kikombe. "Haya Muzee, hii takataka haina gitaa. Tuambie ya kwako ilikuwa namna gani." Na Mzee akasimulia tangu mwanzo, gurudumu, suti na jeki, wala hakuna aliyepiga mluzi.

Tulirudi nyumbani jioni, mimi nimefurahi kwamba mambo yamenyooka hata kwa njia ya ujinga wangu. Nikamwambia, "Umeona Papa? Wamekuamini."

Alisimama kuupumzisha mguu, akanigeukia.

"Bale banacheza na mimi tu, tangu zamani. Hakuna hata moja kati yao aliyewahi kuniuliza kama niko na hakika."