Mashine Iliyonukia Asumini

Kipupwe kikiingia, mjukuu wangu huianika chupa ya mafuta ya nazi dirishani yapate kuyeyuka. Harufu ya asumini ikianza kupanda, nami nikiwa napita, husimama. Yeye hudhani magoti yananisumbua. Magoti ni mazima, alhamdulillahi. Huwa nimerudi Likoni, ndani ya ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa, nina miaka minane.

Baba yangu, Fundi Bakari, alitengeneza vyerehani, baiskeli na taa za karabai. Alifanyia kazi barazani kwetu, upande wa Shika Adabu, parafujo zimemzunguka miguuni, na ole wako uzikanyage. Watu walimsifu, isipokuwa Bibi Mwanakombo, mamake mama. Bibi alitaka mkwe mwenye shamba au duka, akapata mchokoa vijichuma. Aliyasema hayo waziwazi, baba akimsikia, naye baba alitabasamu tu na kuinamia kazi yake.

Miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, Ramadhani ikielekea ukingoni, Bwana Karim alituletea mashine yake ya sinema. Alikuwa akizunguka nayo kwa gari la mizigo, akiwaonyesha wanaume picha, na sasa ilikuwa imeanza kutafuna filamu. Baba aliifungua akakuta kibati kinachoibana filamu mbele ya taa kimelegea, kamani yake, yaani springi, imechoka. Akakata kamani nyingine kutoka gramafoni mbovu, akaipinda na kuipiga tupa siku mbili nzima, amefunga, midomo imemkauka.

Ujira aliouomba ulimshangaza Bwana Karim: Idd pili, saa tisa alasiri, picha ionyeshwe kwa wanawake peke yao. Mama zetu walikuwa wakizipata habari za sinema kwa kusimuliwa tu na waume zao, tena nusunusu. Bwana Karim alikubali, ila akasema mashine ikigoma siku hiyo, asiombwe tena jambo kama hilo. Habari zikaenea mtaa mzima. Hata Bibi akasema atakuja. "Nami nikamwone huyo fundi wenu," alisema.

Idd mosi, baba alipokwenda kusali adhuhuri, nilibaki barazani na mashine. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akiitia mafuta, matone mawili kila kitundu, akinung'unika kwamba chuma kikavu hulia. Nikaona nimfanyie kazi hiyo kabla hajarudi. Kopo lenye mdomo mrefu lilikuwa tupu, basi nikaingia chumbani kwa mama, nikachukua mafuta yake ya nywele, ya nazi yaliyolowekwa asumini, nikalijaza. Jua lilikuwa limewaka na mafuta yalikuwa mepesi kama maji. Nikatia kila kitundu nilichokiona, na vingine ambavyo sidhani vilikuwa vya mafuta. Mikono nikaipangusia kichwani. Nilijiona fundi kamili.

Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi yake kulikuwa na baridi ya kujifunika kanga mbili.

Idd pili ghala lilijaa pomoni. Madirisha yalizibwa kwa magunia na shuka jeupe la mama likatandazwa ukutani. Wanawake waliketi mikekani na mabuibui yao, na vyetezo vya udi, na mabakuli ya kaimati. Baba alikuwa nyuma yao, amejificha kwa turubai lenye tundu la kupitishia mwanga, asiwaone wala wasimwone. Mimi nilikuwa naye, kwa kuwa ndimi niliyeweza kupita pande zote mbili bila kuvunja adabu.

Akawasha. Taa ikawaka, mashine ikaguna, lakini haikuzunguka. Akazima haraka, akashika gurudumu la pembeni alizungushe kwa mkono. Lilikuwa limekaza. Akafungua ubavu wa mashine, akatia kidole, nacho kikatoka na uto mweupe ulioganda. Akaunusa.

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nilikuwa nimemharibia baba mbele ya mtaa wote, na mbele ya Bibi. Nikangoja aniite jina langu. Hakunitazama. Alilitazama turubai, upande walikoketi wanawake, akalitazama kwa muda, nami nikadhani anaiwazia aibu itakayomfika.

"Fundi!" Bibi aliita. "Kuna nini huko? Tumekuja kutazama shuka?"

Ghala zima likacheka.

"Mashine ina baridi, mama," baba akajibu. "Naomba chetezo chako."

Wakacheka zaidi. Nikaenda mbio. Bibi alinipa chetezo chake, na jicho alilonitupia nalikumbuka hadi leo. Baba aliitoa filamu akaiweka mbali, akakisogeza chetezo chini ya tumbo la mashine, akawa analijaribu lile gurudumu. Likakataa. Likasogea robo. Likasogea nusu. Halafu likazunguka, na mafuta yakaanza kudondokea makaa. Aliniambia nikiondoe chetezo, akapangusa kila chuma kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akatia mafuta ya cherehani, akaipachika filamu. Jasho lilimtoka siku ile ya baridi.

Farasi akatoka mbio ukutani! Wanawake wakapiga mayowe, nami nikapenya upande wao, na Bibi Mwanakombo, wallahi niliona, akaikunja miguu asikanyagwe.

Taa ilipozidi kupata moto, asumini iliyobaki vitunduni ikafuka ghala zima. "Jamani, kaitia manukato!" mmoja akasema. "Kwa ajili yetu, siku ya Idd!" Na Bibi, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, akasema, "Ndiye mkwe wangu huyo."

Nikampelekea baba maneno hayo neno kwa neno. Aliipangusa mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Bwana Karim alirudi Idd pili nyingi baada ya ile, na kila mara baba alidondosha tone moja la mafuta ya mama juu ya kifuniko cha taa, mahali pasipodhuru kitu, kwa kuwa wanawake walikuwa wakiiulizia asumini yao. Mimi hakuna aliyeniuliza lolote. Nikajisifu moyoni kwamba nimepona.

Baba alipofariki, mimi tayari mama wa watoto watatu, nilikaa na mama siku za eda yake, na jioni moja nikamwungamia. Alicheka hadi akajifuta machozi.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kichwa chako kiling'aa kama sufuria, na chupa yangu ilikuwa nusu. Babako aliporudi jioni aliniuliza kwa upole, 'Ni wewe uliyenitilia mafuta?' Nikasema, 'Ni mimi, nilitaka kukusaidia.'"

"Akakasirika?"

"Hata. Aliniambia tangu anioe, hakujua kama naipenda kazi yake. Kesho yake akaniletea chupa mpya."

Ndipo nilipokumbuka alivyolitazama lile turubai. Mle gizani, nyuma yake, alikuwa akimtafuta mama.

"Na hukumwambia kweli, miaka yote hiyo?"

"Ningemwambiaje, Mwana?" mama alisema. "Alifurahi mno."