Kurasa Nilizozijaribu kwa Kijicho

Nitasema mapema ili tusidanganyane: nilimwonea kijicho mwanamke mmoja tangu Jumamosi ya kwanza. Aliingia amechelewa, akamsalimu kila mtu peke yake, akauliza hali za nyumbani za watu asiowajua, na hadi anaketi chumba kizima kilikuwa kimeshamgeukia. Mimi nilikuwa nimefika nusu saa kabla ya wote, nikapanga viti. Hakuna aliyeniuliza hali.

Tulikuwa watu saba, tukikutana orofani Ganjoni, hapa Mombasa, katika chumba cha kuazima chenye kompyuta mbili na feni moja iliyopiga kelele kuliko upepo iliotoa. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Aliyetukusanya alikuwa mhandisi wa bandarini, mtu wa bara, mpole, ambaye Kiswahili chake kilimtoka kwa jasho. Alikuwa amepata programu ya kuandikia barua iliyotengenezwa na watu wa kujitolea huko ng'ambo. Ilikuwa ya bure, na mtu aliruhusiwa kuinakili, kumpa jirani, hata kuirekebisha akiweza. Ila maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Kazi yetu, nayo ya kujitolea, ilikuwa kuandika ya Kiswahili, ili mtu wa Kibokoni au wa Kibarani akae mbele ya mashine asihitaji kumbembeleza mtu.

Mhandisi alitugawia pia masharti ya uandishi, karatasi nne. Masharti yalisema msomaji ana akili zake, asichokuwa nacho ni mazoea tu. Yalisema usiandike hatua ambayo hukuifanya kwa mkono wako. Yalisema usitie jina lako, kwa kuwa kesho mwingine atakuja kuirekebisha kazi yako na asione haya. La mwisho ndilo lililotuchekesha: ukurasa ukijaribiwa, mwandishi akae nyuma ya msomaji na afunge mdomo. Kwa watu wa Mombasa hiyo ni adhabu.

Kisha akasema jambo lililoninyima raha kwa miezi miwili. Atakayeandika vizuri sura ya kwanza ndiye atakayekuwa mhariri, na sura za wengine wote zitapita mkononi mwake. Watu wawili tuliinua mkono, mimi na yule aliyechelewa siku ya kwanza.

Niliutaka uhariri ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Miaka kumi na mmoja nilichapa barua za watu wengine, wao wakazitia sahihi. Nikirekebisha sentensi ya bosi, sifa anapata bosi. Mimi mzaliwa wa Rabai, Kiswahili changu nilikipata darasani, nikakipigia pasi kwa mashine ya chapa. Yeye alikuwa mwanamke wa Mji wa Kale na muuza leso wa Biashara Street, na Kiswahili alizaliwa nacho, hakukigharamia hata senti. Kompyuta alijifunza dukani kwa mjomba wake, kwa sababu mjomba aliinunua kisha akaiogopa. Sasa mtu huyo ndiye aje anipite? Donge lilinikaa rohoni.

Jumamosi ya tatu alinijia na karatasi zake, zimeandikwa kwa kalamu, akaniita kwenye mashine kwa Kimvita chake.

"Waambaje, dadangu? Ndoo unijaribie haya. Ufuate vivyo hivyo nilivyoandika, usinionee huruma."

Sikuwa na huruma ya kumwonea. Nilikaa mbele ya mashine, yeye nyuma yangu kimya, nikafuata neno kwa neno. Programu ile niliijua, lakini nilijifanya siijui. Karatasi iliposema bonyeza, nilibonyeza. Iliposema andika barua, niliandika. Nikafika mahali palipoandikwa: hifadhi barua yako kwenye diski, kisha toa diski. Nikabonyeza, mashine ikalalamika. Nikakunja mikono.

"Nitoe diski gani?" nikauliza kwa sauti ya chumba kizima kusikia. "Hakuna mahali uliponiambia niitie."

Dukani diski yake ilikaa ndani ya mashine siku zote, kwa hiyo hakuona haja ya kusema. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi hadi masikio yakapata joto. Nilimgeukia nione uso wake ukisawijika.

Haukusawijika. Alichukua kalamu, akaandika hatua iliyokosekana, akasema, "Ahsante sana. Na hapo chini je?"

Kwa hiyo nikaendelea kumkomoa. Siku ile nilimpata na makosa kumi na moja. Jumamosi iliyofuata alileta karatasi mpya, nikampata na sita. Nyumbani nililala nikiziwaza kurasa zake kuliko zangu. Nilijifanya mzee asiyeona vizuri, nikajifanya mtu asiyejua kwamba kitufe hubonyezwa na kuachwa. Mara ya tano nilitafuta kosa saa nzima, nikakosa. Nilishuka ngazi nimenuna.

Kurasa zangu mwenyewe niliwapa rafiki zangu wawili wa ofisini, wapiga chapa kama mimi. Mmoja alikwama, nikamwonyesha kwa kidole, akaendelea. Wakasema maneno matamu. Nami niliyapenda maneno yangu. Nilikuwa nimefungua sura kama barua ya heshima inavyofunguliwa: ama baada ya salamu, ewe msomaji mpenzi, u hali gani wewe na jamaa zako, sisi huku tu wazima.

Siku ya hukumu mhandisi alimwomba mama aliyekaanga mahamri chini ya ngazi apande. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Alinawa mikono, akaifuta kwa leso, akaketi mbele ya karatasi zangu. Akasoma taratibu, kwa sauti. Alipofika kwenye u hali gani, akaitazama karatasi na kusema, "Alhamdulillahi, sote hatujambo."

Watu walicheka hadi feni haikusikika. Mama hakucheka, alikuwa ameulizwa na amejibu. Akageuza ukurasa, akasoma shukrani zangu kwa mhandisi na sifa za elimu, na bado mashine ilikuwa haijawashwa. Alipofika kwenye hatua yenyewe alikwama palepale alipokwama rafiki yangu. Nilijiuma midomo. Kisha nikaropoka, "Kile cha kulia, mama, cha kulia!"

Mhandisi alinyanyua mkono. Sharti lilikuwa limevunjika.

Kwa karatasi za mwenzangu, mama yule aliwasha mashine, akatia diski, akamwandikia mwanawe aliyeko Lamu barua ya mistari minne, akaihifadhi na kuichapa. Akaitazama ikitoka kwenye printa mstari kwa mstari. Kisha akaikunja, akaitia kifuani na kurudi kwenye mahamri yake.

"Umefanyaje hata zikawa safi namna hii?" mhandisi akamwuliza mwenzangu.

"Huyu dadangu amenijaribia mara tano," akasema, akinishika bega.

Wakanipigia makofi. Kushindwa ningekumeza, lakini makofi yale yaliniuma.

Wiki iliyofuata, akiwa mhariri, alianza kuyaandika upya masharti kwa Kiswahili chake. Alinitamkia, mimi nikachapa, maana hakuna aliyenishinda kwa vidole. Tulifika mwisho, pale pa kufunga mdomo, akasema ana sharti la kuongeza.

"Kabla hujautoa ukurasa wako," alitamka akitazama dirishani, "mpe akuoneaye kijicho aujaribu."

Vidole vyangu vilisimama.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Tangu siku ya kwanza, ulivyonitazama kwa mato hayo. Wanipendao niliwapa pia. Wakanambia nzuri, nzuri. Wewe ndiwe ulonambia sikusema nitie diski. Chapa, dadangu."

Nikachapa. Nilirudia kuusoma mstari ule kutafuta kosa, kwa mazoea tu, na haukuwa nalo. Aibu ilinipanda, lakini bado nilikuwa na sura yangu ndani ya mkoba, na bado niliitaka isomwe. Nikaitoa, nikamwekea mezani.

"Basi nawe nijaribie yangu," nikasema.

Aligeuza kurasa mbili tatu, akanirudishia kwa upole.

"Ningekujaribia wallahi. Lakini haitokufaa, dadangu. Mimi sikuonei kijicho."