Ukoo Usiojua Ncha Iko Wapi

Watu wengi hufukuza nzi, yeye aliwapikia. Kila wiki alikoroga sufuria la uji wa mahindi, molasi na hamira, akaumimina ungali moto katika vichupa vya kioo, ukaganda chini kama sabuni. Mtaani walimwita Baba Nzi. Jina lilitoka kwa shemeji yake, naye alilipokea kama mtu anavyopokea kipara: polepole, na bila kuulizwa.

"Wanao wameshakula?" mkewe, fundi cherehani, humuuliza arudipo jioni.

"Wameshiba. Wanakusalimu."

"Waambie mama yao wa kambo hajambo, ila wasije."

Walikuwa wale nzi wadogo wanaozengea ndizi mbivu. Maabarani waliishi kwa koo, kila ukoo na kichupa chake, mdomo umezibwa kwa pamba. Bawa la nzi, ukilitazama kwa hadubini, limejaa vinyweleo vilivyolala vyote kuelekea ncha, kama nyasi zilizopitiwa na upepo mmoja. Lakini ukoo mmoja, ndio aliopenda kuutazama, ulikuwa na mabawa mapana kupita kiasi, na vinyweleo vyake vilijipinda vimbunga vimbunga, kila upande na upepo wake.

"Seli haina macho, mzee wangu," Daktari, mwanamke kijana aliyeongoza utafiti, alimweleza. "Inajua ncha iko wapi kwa kushikana na jirani. Juu ya kila seli zimechomoza protini. Ya huyu inanasa ya yule. Mshiko ukizidi upande mmoja, seli inajua ielekee wapi. Na mshiko huohuo unaiambia: basi, umekua, inatosha."

"Na hawa?"

"Wamekosa protini moja. Hakuna wa kuwaelekeza, hakuna wa kuwakanya."

"Kama ukweni kwangu," alisema Baba Nzi.

Jioni alimsimulia mkewe, aliyekuwa akikata mahameli. Mkewe alipitisha kiganja juu ya kitambaa, kikang'aa. Akakirudisha kinyume, kikafifia.

"Kipande kimoja ukikikata kichwa chini, gauni zima linaonekana limekasirika," alisema. "Hao wako nani aliwakata?"

"Ndiye tunayemtafuta."

Ukoo ule ulibaki katika kichupa kimoja tu. Cha akiba kiliingiliwa na utitiri, na maabara ya mbali iliyoutuma ilikwisha kufungwa. Kichupa kile kikifa, ukoo umekwisha, na kazi ya Daktari pamoja nao.

Asubuhi moja Baba Nzi aliwalaza kwa gesi ili awahamishie uji mpya. Nzi aliyelala hurudishwa katika kichupa kilicholazwa ubavu, mpaka aamke. Ukikisimamisha, anaangukia ujini na kunasa. Mgeni wa maabara huambiwa hilo kabla hajaonyeshwa choo. Baba Nzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia.

Lakini aliinamia hadubini, akatazama bawa moja, akaingia. Alitembea katika uwanda wa nyasi za fedha zilizomzunguka magotini. Kila jani lilimwuliza mwenzake njia, na mwenzake alijibu kwa adabu kwamba naye ni mgeni. Hapakuwa na mwisho wala haraka. Huku nyuma mkono wake, uliozoea kazi kuliko yeye, uliwatia nzi kichupani kwa brashi, ukaziba pamba, ukakisimamisha kichupa rafuni vizuri kabisa.

Aliporudi kutoka kula, kichupa kilikuwa kimya. Walikuwa wametandazwa juu ya uji. Upana wa mabawa uliowapendezesha ndio uliowaponza. Palikuwa na bawa jingi la kunasa.

Angeweza kusingizia utitiri, nao usingejitetea. Alikwenda mlangoni kwa Daktari.

"Nimewasimamisha wamelala."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani ya bawa."

Daktari hakucheka. "Kichupa cha zamani?"

"Nimeshakichemsha, na mayai yote yaliyokuwamo."

"Lete brashi."

Wakawang'oa mmoja mmoja kwa brashi yenye maji. Wengi walikuwa wamekwenda. Wachache walichezesha miguu, kisha wakaacha. Jike mmoja, bawa limechanika, alijikokota juu ya kibao kama mtu anayetafuta kiatu.

"Jike aliyekwisha pandwa anatosha," Daktari alisema, kwa sauti ya kujishawishi.

Jioni ile mkewe aliuliza, "Leo hakuna salamu?"

"Wagonjwa."

Mkewe hakutania. Alisogeza kiti chake karibu, akaendelea kushona.

Jike alitaga. Mabuu wakachimba uji, wakapanda kioo, wakajifunika maganda. Hilo halikumtuliza: mabuu wote hufanana, na katika kila maabara kuna nzi wa kawaida wanaozurura. Huenda dume mmoja mzururaji alimwahi yule jike, na watoto wangetoka wazima, mabawa yamenyooka, ukoo umepotea ndani ya damu njema.

Walipotoka magandani, weupe bado, Baba Nzi akasubiri wakomae, akawalaza, akamwita Daktari.

"Tazama wewe," Daktari alisema, akageukia ukuta.

Alitazama wa kwanza, na wa pili, na wote waliobaki. Alichelewa kuinua kichwa.

"Sema basi, mzee wangu!"

"Wamepotea wote," alisema. "Hakuna hata mmoja anayejua anakokwenda."

"Afadhali," Daktari alisema, akaketi sakafuni palepale, na koti lake jeupe.