Mkate Alioung'ata Kissa

"Sadaka? Mimi nimekula sadaka kwako? Kila sahani nimeilipia, Bahodir, hata ile ya mfupa mtupu."

Hivyo ndivyo Kissa alivyomwakia mpishi Muuzbeki mlangoni pa mgahawa wake, nyuma ya Zhanqian Road huku China, mchana kweupe, wateja vijiko vikiwa hewani. Alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinyakyusa. Bahodir hakuambulia hata neno.

Kissa ni mama wa Tukuyu, mwembamba wa mwili, mpana wa mdomo. Kila baada ya miezi sita huja kufuata jinzi za kuuza, zile za viwanda vya Xintang, na tangu safari ya kwanza tumbo lake lilikataa kila kitu cha mji huu isipokuwa pilau ya Bahodir, yenye karoti nyingi kuliko nyama. Walielewana kwa Kichina cha sokoni na vidole: kubwa, ndogo, mei you, yaani hakuna. Ziko ndoa zinazokwenda kwa maneno machache kuliko hayo.

Safari hii alimkuta Macharia, Mkenya mwenye ulimi wa asali, amefungua mgahawa ng'ambo ya barabara. Akamkabidhi kadi ya Kiingereza, loyal customer, mteja mwaminifu: kula mara kumi, ya kumi na moja bure. Kissa na cha bure, nani awatenganishe? Akala huko wiki nzima. Alipokuja kupita mbele ya Bahodir akijipepea kwa ile kadi, bwana wa watu alitikisa kichwa: "Sadoqat mei you." Neno la kwanza la kwao, la pili la sokoni. Kissa akasikia anaambiwa sadaka zimekwisha.

Na kesho yake alikuwa na ndege. Hakutaka kuondoka huku jina lake limebaki la ombaomba, akamkokota Jaffari, Mtanga anayesomea udaktari hapa, aliyekaa chumba kimoja na Wauzbeki hadi akaipata lugha yao. Jaffari alicheka mpaka akashika meza. Akaeleza kwamba maneno hayo yametoka nyumba moja ya Kiarabu, ila yameolewa mbalimbali. La Bahodir maana yake uaminifu.

"Hakukuita ombaomba, mama. Anasema umemtupa."

"Uaminifu ninao, tena wa kugongewa muhuri," Kissa akajibu, akiinua kadi.

Bahodir alipotafsiriwa hilo alisema kadi ya namna hiyo ni biashara, nayo si mbaya, lakini sadoqat haigongewi muhuri. Akaonyesha ukutani, karibu na tanuri. Mkate wa duara ulining'inia kwenye msumari, pembeni una alama za meno. Kissa alilitambua pengo lake. Safari iliyopita, wakati wa kuaga, Bahodir alimng'atisha mkate, naye akadhani anaonjeshwa tu. Kumbe kwao msafiri hung'ata, na unaobaki humngoja arudi aumalize. Mkate umekaa pale na deni lake, mwenye meno yuko ng'ambo anakusanya mihuri.

Kissa aliutungua mkate msumarini. Kisha akavuta kiti.

"Laoban," alimwita Bahodir, yaani bosi kwa Kichina, "chai."

Mkate ulikuwa mgumu kama kigae. Aliuchovya, akautafuna kwa upande wenye magego mazima, akauchovya tena. Jaffari akanyoosha mkono apate japo kipande, akachapwa vidole.

"Deni si lako," Kissa alisema, shavu limejaa, akaokota makombo mezani na kuyamaliza.