Mwisho wa Wimbo wa Herio

Nilipokuwa mtoto pale Garissa, watu wa nyumbani walisema ulimi unaniwasha, maana sikunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni. Nani aliujenga msikiti wa sokoni? Kwa nini ukapakwa rangi nyeupe na si nyingine? Mle ndani ya mnara kuna nini? Na ule wimbo wa wanawake wa arusini, nani aliuanza, na mtu wa kwanza kuusikia alisemaje? Aabo, baba yangu, alikuwa muuza mbuzi asiye na subira. Alijibu swali moja, la pili akanifukuza. "Sahra, nenda kwa Ayeyo. Yeye ndiye mwenye masikio ya bure."

Ayeyo alikuwa mama yake baba. Kwetu bibi humwita mjukuu wake kwa jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo mimi nilikuwa Ayeyo wake na yeye Ayeyo wangu, na nilijiona mtu mzima kabisa. Miaka miwili kabla, ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe huko Sangailu, akaja kwetu mjini. Alikuja na nyumba yake! Alisema hawezi kulala chini ya mabati yanayolia kila jua likitoka. Akaisimamisha herio yake nyuma ya nyumba yetu ya mawe: matao ya mizizi ya mgunga yaliyopindwa, juu yake mikeka minene, na mlangoni mafiga matatu meusi ya kupikia.

Wallahi, sijaona jengo zuri kuliko lile. Jua lilipenya katikati ya nyuzi za mikeka, likatawanya vitone vya mwanga sakafuni, nami nikajaribu kuvihesabu nikashindwa. Nikamuuliza nani aliijenga.

"Meno yangu," alisema, akafungua kinywa nione. Yalikuwa mekundu-mekundu na yamelika. Kumbe magome ya mgunga hutafunwa kwanza, siku baada ya siku, mpaka yawe nyuzi laini za kusukia. Mkeka mmoja ulimchukua miezi.

Na palikuwa na wimbo. Kila alipokaza kamba za herio aliuimba: *Inama, mzizi, inama, ubebe kivuli chetu.* Aliita kila tao, kila mkeka, kila fundo. Lakini alipofika mahali pa mlango alikata ghafla, akameza mate, akauliza kama chai imechemka. Mara zote mahali pale pale. Loh! Mtu wa kuwashwa na ulimi atavumiliaje jambo kama hilo?

"Ayeyo, mwisho wake ukoje?"

"Mwisho hauimbwi hovyo. Nyumba ikiusikia inajua safari imefika. Itang'oka, na aliyeuimba atabaki uwanjani peke yake."

Nilicheka. Halafu usiku nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Muhula huo mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Pwani mwenye sauti ya adhana, alitutangazia kwamba siku ya wazazi kila mtoto atasimulia habari ya jengo zuri au wimbo unaopendwa kwao. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, na vyote viwili ni kitu kimoja! Nilirudi nyumbani nikikimbia, kiatu kimoja mkononi. Mwalimu hata alikuja mwenyewe kuiona herio, na Ayeyo akamkaribisha kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, bita ndani, bita." Lakini mwisho wa wimbo alikataa kunipa. Nikalia, nikagoma kula, wapi.

Basi nikaenda sokoni kwa Eddo Halima, shangazi wa heshima tu, muuza maziwa aliyetoka upande wa Sangailu kama Ayeyo. Nilimkuta akifukiza vibuyu vyake kwa moshi, nikamwomba mwisho wa wimbo. Alinitazama kwa jicho moja.

"Mko na nyumba ya kufunga mhame nayo?"

"Tuko nayo," nikasema. Uongo mtupu, na nilijua.

Akauimba polepole, bila kuacha kazi. Nikaushika mara moja. Njiani nikaurudia chini kwa chini, na nilipofika karibu na uwanja wetu nikaumeza, herio isije ikasikia.

Siku ya wazazi ilifika. Ayeyo alikaa mstari wa mbele na mtandio wake wa njano. Nikasimulia meno, nikasimulia magome na vitone vya mwanga, watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikaanza wimbo. Kwa furaha niliyokuwa nayo miguu haikukaa chini. Nikafika mahali pa mlango, na sikukata.

*Mafiga matatu, bakini salama,*
*mtunze joto letu mpaka turudi.*

Wanawake wa nyuma walipiga vigelegele. Mwalimu akanipa daftari jipya, kubwa, lenye jalada gumu. Ayeyo tu ndiye hakupiga makofi. Alivuta mtandio ukafunika mdomo. Tulipofika aliingia ndani ya herio, akaishika mizizi mmoja mmoja.

Wiki moja baadaye adeer yangu, ndugu yake baba aliyebaki Sangailu, aliingia uwanjani na ngamia wawili wa mizigo. Mvua ilikuwa imenyesha kwao. Ng'ombe wachache waliopona walikuwa wamezaa, majani yamefika magotini. Kesho yake, jua halijapanda, Ayeyo alikuwa amekwisha fungua mkeka wa kwanza.

Jamani! Ni mimi! Ulimi wangu ndio ulioing'oa nyumba ya Ayeyo! Nikakimbilia pale zilipokuwa kamba nikazikalia. Adeer akanitoa. Nikarudi. Kisha nikapata akili ya kitoto: kama wimbo umeing'oa nyumba, wimbo uliogeuzwa utairudisha. Nikasimama katikati ya uwanja, machozi na kamasi vinachuruzika, nikaanza kuuimba kutoka mwisho kwenda mwanzo. *Turudi mpaka letu joto mtunze...*

Ayeyo alisimama na tao mkononi, akasikiliza. Akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya mzigo, akalia pia, sijui kipi kilitangulia.

"Naa, Ayeyo, utawachanganya ngamia. Uimbe unavyotakiwa."

"Sitaki. Ukiimbwa unaondoka."

"Naondoka hata usipouimba. Lakini bila wimbo nitaondoka kama mwizi."

Akanishika mkono. Tukauimba wote wawili, yeye kwa ile sauti yake ya kukwaruza, tukapita mahali pa mlango bila kukata. Mizizi ikafungwa ubavuni mwa ngamia. Uwanjani pakabaki duara la udongo uliofagiliwa, na mafiga matatu.

"Hayo ni yako," aliniambia. "Mwenye kubaki ndiye anayetunza."

Hakurudi kuishi nasi tena. Nilimwona mara mbili tu, huko kwake Sangailu, amenenepa, anawafokea ndama, meno yake mekundu kwa magome mapya.

Nilibeba lawama ile miaka mingi, mpaka siku moja, nimekwisha olewa, nikamweleza Aabo. Alinishangaa. Adeer, alisema, alituma habari za mvua kabla ya siku ya wazazi. Ayeyo alikataa. Alisema amezeeka, hana ng'ombe wa maana, atafia mjini kwenye mabati ya watu. Alibadili nia jioni ya siku ile niliyoimba, akaagiza ngamia.

Kwa hiyo onyo lake lilikuwa kweli. Nyumba ilisikia ikaondoka, nami nikabaki uwanjani, kama alivyosema. Ila leo sioni tena kwamba nilimpoteza Ayeyo kwa ulimi wangu. Nilimwondoa mjini, alikokuwa anakaa tu kungoja kufa, nikamrudisha kwa ng'ombe wake. Nililia sana kwa hilo, na ningelifanya tena.

Mafiga ninayo. Nilipojenga nyumba yangu hapa Garissa nilimwambia fundi aache uwazi katikati, nikayaweka pale. Wageni huyauliza. Juzi binti yangu, aliyepata nafasi ya chuo Eldoret, aliketi karibu nayo akifunga sanduku lake, akaniomba nimwimbie ule wimbo, wote, autie kwenye simu yake. Nikauanza kwa raha zote. Inama, mzizi, inama. Nikaita matao, mikeka, mafundo. Nikafika mahali pa mlango.

Nikameza mate, nikamuuliza kama chai imechemka.